Kutoka Amri hadi Kazi: Hifadhi ya Udongo Ukambani na Maneno Yake, 1937–1990

Utangulizi

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, niliingia maktabani siku moja kutafuta kitabu cha fonolojia, nikatoka na kitabu cha udongo. Kilikuwa kimeachwa mezani na msomaji mwingine: mwongozo wa Kiingereza juu ya kilimo katika nchi kame. Nilipokifunua, nilikutana na mchoro wa mtaro na tuta, na chini ya mchoro huo maneno mawili ya Kiswahili ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyatafsiri: fanya juu. Baadaye niligundua kwamba maneno hayo yamo katika miongozo mingi ya hifadhi ya udongo, na kwamba wataalamu wa kilimo wa Ethiopia, ambako Kiswahili si lugha ya watu, huyatumia kila siku kama jina la kazi yao.

Sisi tufundishao Kiswahili twajua kuhesabu maneno yaliyoingia katika lugha yetu kutoka kwa wageni. Ni mara chache tunapata nafasi ya kuhesabu yaliyotoka. Na hapa pana neno lililotoka, tena si kutoka Lamu wala Unguja, bali kutoka katika milima ya Ukambani, katika Kiswahili ambacho mwalimu wa sarufi angekitia wino mwekundu.

Makala haya yanakusudia kueleza maneno hayo yalizaliwa katika historia gani. Katika kufanya hivyo yatagusa swali ambalo siku hizi huulizwa katika kila mkutano, yaani, jamii hugeukaje ikafuata maendeleo yanayodumu? Nitashika kwamba mfano wa Machakos watupa jibu lililo bora kuliko mengi yanayotolewa mikutanoni. Jamii ile haikugeuka kwa kuamriwa, wala haikugeuka kwa kuachwa peke yake. Iligeuka pale maamuzi, faida na maneno ya kazi yenyewe yalipokuwa mikononi mwa waliofanya kazi.

Nchi, Watu na Mipaka

Wakamba walikaa milima ya Mbooni na Iveti muda mrefu kabla ya mkoloni kufika. Lugha yao yatuonyesha jinsi walivyoigawa nchi. Ng'undu lilikuwa shamba la ukoo au mji, lililorithiwa na kulindwa kwa desturi. Weu ulikuwa mbuga ya wote, ambako kila mtu alichunga. Kati ya hayo mawili palikuwa na kisesi, yaani malisho ambayo mtu mmoja aliyatenga na kuyadai, pengine kwa kuyawekea alama. Juu ya hayo yote ulikuwapo utui, ujirani wa miji kadhaa ulioshirikiana katika kazi, sherehe na hukumu.

Maneno hayo matatu ya ardhi yatupasa kuyaangalia vizuri, kwa sababu yanakanusha dhana moja iliyowatawala wageni kwa miaka mingi, kwamba Mwafrika hakuwa na miliki ya ardhi ila ya pamoja tu. Mtu aliyekuwa na neno kisesi alikuwa tayari na njia ya kutoka katika malisho ya wote kuelekea malisho yake mwenyewe. Njia hiyo itaonekana tena mbele katika historia hii.

Kampuni ya Kiingereza iliyotangulia dola iliweka kituo Machakos mwaka 1889. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa karne, ng'ombe walikufa kwa sotoka, mvua zikakosekana, ikaja njaa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliyoenea kote. Nchi ilipokuwa imedhoofika hivyo ndipo mipaka ilipochorwa. Milima ya Mua ikapewa walowezi. Nyanda za Yatta, ambako mifugo ilikuwa ikipelekwa wakati wa kiangazi, zikahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme. Mfugaji aliyezoea kuhama na mvua akatakiwa kukaa mahali pamoja.

Matokeo yake hayakuhitaji mtaalamu kuyatabiri. Mifugo na watu waliongezeka ndani ya mpaka usioongezeka. Jembe la kukokotwa na maksai lilienea, likapanua mashamba hadi miteremkoni. Ilipokuja njaa ya mwaka 1928 na 1929, ikifuatwa na nzige na ukame wa miaka ya 1930, udongo wa Machakos ulikuwa ukiteremka mitoni kila mvua ya kwanza iliponyesha.

Hukumu ya 1937 na Safari ya 1938

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya Ukambani. Hukumu yake ilikuwa kali. Aliona nchi inayogeuka jangwa la mawe na mchanga, na watu wanaoteleza kuelekea ufukara usio na matumaini. Tusimdhanie kwamba alisema uongo. Picha zilizopigwa mwaka huohuo zaonyesha vilima vilivyo uchi na makorongo yaliyokatika kama majeraha. Ila taarifa hizo ziliandikwa katika miaka ambayo dunia nzima ilikuwa imeshtushwa na tufani za vumbi za Marekani, na maafisa wa makoloni waliusoma mteremko wa Machakos kwa hofu iliyotoka Oklahoma. Walichokiona walikiona kweli. Sababu yake ndiyo waliyoikosea. Walisema mkosaji ni Mkamba na ng'ombe wake. Juu ya mpaka hawakusema mengi.

Dawa iliyotokana na hukumu hiyo ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilichofunguliwa mwaka huohuo Athi River kilikuwa mnunuzi aliyekuwa tayari. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, akiba, maziwa na bima dhidi ya njaa. Kumnyang'anya ng'ombe kwa jina la kumwokolea udongo kulikuwa ni kumwambia avunje ghala ili apate kuni.

Jibu lilitoka kwa chama kilichojiita Ukamba Members Association, na kiongozi aliyejulikana zaidi ni Samuel Muindi Mbingu. Mnamo Julai 1938 maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliondoka Machakos wakaenda Nairobi kudai kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakufanya fujo. Walipiga kambi wakakaa wiki kadhaa, wakingoja. Gavana hakuonana nao Nairobi. Mwezi Agosti alikwenda mwenyewe Machakos kufanya baraza. Baada ya hapo Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Ilikuwa na sababu zake: Wakamba wengi walikuwa askari wa King's African Rifles na polisi, na vita vya Ulaya vilikuwa vikinukia.

Wanahistoria wa siasa wamelihesabu tukio hili katika harakati za kupigania haki, nao wamefanya vyema. Mimi nataka kulihesabu pia katika historia ya udongo. Mwaka 1938 watu wa Machakos walikataa hifadhi ya udongo iliyokuja bila wao. Mtu angedhani wamekataa hifadhi yenyewe. Yaliyofuata yaonyesha sivyo.

Mitaro Miwili

Baada ya Vita vya Pili serikali ilirudi na mpango mwingine. Ng'ombe waliachwa, mitaro ikaletwa. Watu waliitwa kwa siku maalumu za juma, chini ya macho ya chifu, wachimbe mitaro kukinga maji katika mashamba yao na ya wenzao. Asiyefika alitozwa faini. Makueni, nyika iliyokuwa na mbung'o, ilisafishwa na walowezi wa Kikamba wakaruhusiwa kuhamia kuanzia katikati ya miaka ya 1940, kwa masharti mengi ya kilimo.

Yafaa hapa tueleze kazi yenyewe, kwa maana bila kuielewa hatutaelewa neno. Mtaro huchimbwa ukikata mteremko, ukifuata usawa wa kilima ili maji yasikimbie upande wowote. Swali ni moja tu: udongo uliochimbwa utupwe wapi? Ukiutupa chini ya mtaro, kazi ni nyepesi, kwa kuwa mteremko wenyewe wakusaidia. Huo ndio mtaro ulioitwa fanya chini, nao ulipendwa na wasimamizi kwa sababu wengi wangeweza kuchimbwa kwa siku moja na kuhesabiwa katika taarifa. Lakini tuta lililo chini ya mtaro halishiki udongo wa shamba. Mtaro hujaa, maji huvuka, na mwaka wa pili kazi huanza upya.

Ukiutupa udongo juu ya mtaro, mgongo huuma. Lakini tuta husimama juu ya mtaro kama kizingiti. Kila mvua inyeshapo, udongo unaoteremka kutoka sehemu ya juu ya shamba hukwama nyuma ya tuta hilo. Mwaka hadi mwaka nafasi iliyo nyuma ya tuta hujaa, na mteremko hugeuka ngazi bila mtu kuisawazisha ngazi hiyo kwa mikono. Mvua ndiyo ifanyayo kazi iliyobaki. Nyasi zikipandwa juu ya tuta hulishikilia na kulisha ng'ombe, na migomba ikipandwa mtaroni hunywa maji yaliyokingwa. Hii ndiyo fanya juu.

Ngazi hizo hazikuenea kwa amri. Yasimuliwa kwamba mmoja wa waliozileta alikuwa askari aliyerudi kutoka India, ambako aliona mashamba ya ngazi, akayaiga nyumbani, akapanda vitunguu na kupata faida. Majirani waliona. Nairobi iko kilomita zipatazo 60 tu kutoka Machakos mjini, na soko lake la mboga lilikuwa likikua. Katika miaka ya 1950 Wakamba waliruhusiwa pia kulima kahawa, zao walilokuwa wamekatazwa kwa muda mrefu, kwa sharti kwamba mbuni upandwe katika shamba lenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tuta likawa na thamani ambayo aliyelichimba angeweza kuihesabu mwenyewe, mfukoni mwake.

La pili lililobadilika ni namna ya kukusanya watu. Wakamba walikuwa na desturi ya mwethya: mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kulima, aliwaita majirani wa utui, nao wakaja kwa hiari wakijua kwamba zamu yao itafika. Mapema katika miaka ya 1950 baadhi ya maafisa wa maendeleo ya jamii walitambua kwamba kuwalazimisha watu kwa makundi ya chifu kulikuwa kukivuna mitaro mibaya na chuki nzuri. Wakaacha vikundi vya mwethya vijichagulie viongozi. Wanaume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa au jeshini, kwa hiyo wanawake ndio waliojaza vikundi hivyo, na mara nyingi wao ndio walioviongoza. Mwethya uliochukuliwa na serikali haukuwa tena mwethya wa kale kamili. Ulikuwa na usimamizi, hesabu na malengo yaliyotoka ofisini. Hata hivyo jina lilibeba masharti yake ya zamani ndani yake, yaani hiari na zamu. Afisa aliyelitumia jina hilo alijifunga kwa masharti hayo, alijua asijue.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipofika mwaka 1963, watu wengi waliacha kuchimba. Kwao mtaro ulikuwa na harufu ya faini, na uhuru ulikuwa ni kupumzika kutoka kwa faini. Wataalamu wa kilimo wa miaka hiyo walihuzunika, wakadhani kazi ya miaka kumi na mitano imepotea.

Haikupotea. Picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1948, mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1978 zilipolinganishwa, ilionekana kwamba ngazi ziliongezeka sana katika miaka ambayo hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha watu. Mitaro ya fanya chini ilikufa, na iliyobaki ikaongezwa ilikuwa ile iliyozaa. Mwaka 1974 serikali ilianza mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo kwa msaada wa Sweden, na kuanzia 1978 ukaja mpango wa pamoja wa maendeleo ya Machakos kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya. Mipango hiyo ilisaidia, lakini iliwakuta wakulima wakiwa tayari njiani. Vikundi vya wenyeji, kama kile cha Utooni kilichoanza mwaka 1978, viliendelea pia kujenga mabwawa ya mchanga mitoni, ambayo huzuia mchanga ili maji yajifiche ndani yake wakati wa kiangazi. Mahindi ya Katumani, yanayokomaa kabla mvua fupi haijakatika, yalikuwa yameanza kuwafikia wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960. Na malisho ya wote yalikwisha taratibu. Kisesi kikawa kawaida, kila mtu akachunga ndani ya ua wake.

Historia hii ilipata kujulikana duniani mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipotoa kitabu ambacho jina lake twaweza kulifasiri kuwa Watu Zaidi, Mmomonyoko Kidogo. Walionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katika sensa ya 1989 walikuwa takriban 1,400,000. Katika muda huohuo thamani ya mazao kwa kila mtu iliongezeka mara tatu hivi, na vilima vilivyopigwa picha mwaka 1937 vilipopigwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionekana vina miti na ngazi. Kitabu hicho kilikuwa kikimjibu Malthus, aliyesema mwaka 1798 kwamba idadi ya watu hukishinda chakula, na kilimuunga mkono Ester Boserup, aliyeshika mwaka 1965 kwamba wingi wa watu huweza kuwa chanzo cha kilimo bora.

Msomaji mwangalifu ataweka mizani. Kwanza, ardhi nayo iliongezeka, kwa kuwa Makueni na Yatta zilifunguliwa. Kwa hiyo wingi wa watu haukufanya kazi peke yake, bali kuvunjwa kwa mpaka wa kikoloni kulikuwa sehemu ya dawa. Pili, Dianne Rocheleau na wenzake walikumbusha mwaka 1995 kwamba Ukambani una historia nyingi, na kwamba anachokiita mmoja ufanisi, mwingine hukiita kufungiwa nje ya weu aliokuwa akichunga. Tatu, John Murton aliyechunguza Mbooni alionyesha mwaka 1999 kwamba fedha zilizojenga ngazi nyingi zilitoka kwa mishahara ya mjini, na kwamba nyumba zisizo na mtu wa mshahara zilibaki nyuma, udongo wao ukizidi kuchoka. Wastani wa wilaya ulipanda; si kila mji uliopanda nao.

Mimi nakubaliana na pande zote mbili, wala sioni kwamba zapingana. Jamii ile ilijigeuza kweli. Tena ilijigeuza kwa gharama, na gharama haikugawanywa sawasawa.

Ushahidi wa Majina ya Njaa

Kuna ushahidi mwingine ambao wanauchumi hawakuutumia sana, nao umo katika taaluma yetu. Wakamba huipa kila njaa kubwa jina, na majina hayo ni kalenda na ni hukumu pia.

Ngomanisye, ya mwisho wa karne ya 19, yasema juu ya njaa yenyewe: ilienea, haikuacha mtu. Katika jina hilo njaa ndiyo mtendaji, na watu ni watendwa. Njaa ya mwaka 1961 iliitwa ya Ndeke, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege. Neno lenyewe ni ndege ya Kiswahili iliyopita katika matamshi ya Kikamba, na jina halitaji tena njaa bali mkombozi aliyetoka nje. Njaa ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani, nakufa hali nimeshika. Nimeshika nini? Fedha.

Tukiyapanga majina haya matatu twapata historia nzima katika maneno machache. Katika la kwanza mtu hana kitu. Katika la pili anangoja msaada. Katika la tatu ana fedha mkononi, wala hakuna cha kununua. Jina la 1984 halingeweza kutungwa mwaka 1898, kwa maana mtu wa wakati ule hakuwa na mkono ulioshika fedha wakati wa njaa. Lathibitisha kwamba uchumi uligeuka, kama wasemavyo waandishi wa 1994. Papo hapo laonya kwamba geuko hilo lilimfunga mkulima kwa soko, na soko likivunjika, ngazi za shamba peke yake haziwezi kumlisha. Nani alitunga jina hilo hatujui, lakini aliyelitunga alikuwa mchanganuzi wa uchumi asiye na shahada.

Maneno na Wenye Maneno

Sasa turudi kwenye maneno mawili ya maktabani. Kisarufi, fanya ni kitenzi katika hali ya kuamuru, umoja, bila adabu ya tafadhali. Juu ni kielezi cha mahali. Kiswahili cha pwani kingesema tupa udongo juu, au weka tuta upande wa juu. Kutumia fanya kwa kila tendo ni desturi ya Kiswahili cha bara, hasa kile kilichosemwa kati ya bwana mlowezi na kibarua wake, ambacho kilikuwa na amri nyingi na maelezo machache. Umbo la maneno haya, basi, labeba alama ya kuzaliwa kwake: ni sauti ya msimamizi aliyesimama juu ya mtaro akimwelekeza aliye ndani yake.

Lakini leo fanya juu si amri tena. Mkulima husema fanya juu yangu imejaa, au fanya juu za mwaka juzi. Kishazi cha kuamuru kimekuwa nomino ya ngeli ya i-zi, chenye mwenyewe, chenye umri, chenye kuharibika na kutengenezwa. Isimu ina jina kwa badiliko la namna hii, nalo ni unominishaji. Mimi naona ndani yake kitu kikubwa kuliko istilahi yetu. Aliyeamriwa aliitwaa amri, akaiondolea bwana wake, akaifanya mali.

Tulinganishe na istilahi iliyotoka upande wa pili. Tangu taarifa ya tume ya Brundtland ya mwaka 1987, na hasa tangu malengo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, Kiswahili kimekuwa na maendeleo endelevu. Kwa uundaji hatuna la kulaumu. Endelevu limeundwa kama tulivu, sikivu na vumilivu, kutoka endelea, na maendeleo nayo yametoka katika endelea ileile, ambayo asili yake ni enda. Twaweza hata kusema kwamba lugha yetu ilijua jambo hili kabla ya tume: maendeleo yasiyoendelea hayastahili jina. Neno maendeleo lilikuwa likitumika katika kazi za kijamii tangu wakati wa ukoloni, kama jina la Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoundwa mwaka 1952, linavyoshuhudia.

Kasoro ni kwamba maendeleo endelevu halina mtaro wala tuta. Tukiliandika katika kijitabu cha mkulima bila kulishika kwenye kazi anayoijua, tunarudia kosa la 1938 kwa upole zaidi: twamletea mtu wokovu wake katika lugha ambayo hakushiriki kuitunga. Mwethya, kisesi, fanya juu na Nikw'a Ngwete ni istilahi pia. Zina maana zilizopimwa kwa miaka mingi, na mpaka kati ya maana moja na nyingine wajulikana na watumiaji wote. Mara nyingi sisi katika idara zetu huunda istilahi kwanza, kisha tukatafuta mtumiaji. Machakos yatufundisha kuanza na mtumiaji.

Hitimisho

Tumeona hatua nne. Mwaka 1938 watu walikataa hifadhi iliyoanza kwa kuwanyang'anya. Katika miaka ya 1940 na 1950 walichimba kwa amri, wakajifunza kutofautisha mtaro uzaao na usiozaa. Baada ya 1963 waliuacha usiozaa na kuuendeleza uzaao. Na kufikia 1990 vilima vilivyokwisha kuhukumiwa kufa vilikuwa vikiwalisha watu mara tano na zaidi ya wale wa mwanzo, ingawa si wote kwa kiasi kimoja.

Masharti yaliyowezesha hayo yanatajika: soko la karibu, ardhi yenye mwenyewe, mazao yaliyokatazwa kuruhusiwa, mishahara ya mjini kurudi shambani, na vikundi vilivyojichagulia viongozi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutolewa kwa hotuba. Wala ushindi huo si wa milele. Wilaya ya zamani iligawanywa mwaka 1992, Makueni ikawa wilaya, na tangu 2013 ni kaunti mbili. Mashamba ya ngazi yanakatwa viwanja vya nyumba kadiri Nairobi inavyosogea, na mchanga wa mito husombwa kwa malori kwenda kujenga mji, hata Makueni ikalazimika kutunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Kizazi kijacho kitakuwa na mtaro wake wa kuchimba.

Kwa wenzangu wa lugha nina ombi moja. Wapo bado wazee, na hasa wanawake wazee, waliochimba katika vikundi vya miaka ya 1950. Wao wanajua majina ya mitaro, nyasi, aina za udongo, na nyimbo za kazi ambazo kamusi zetu hazina. Twawapeleka wanafunzi wetu pwani kila mwaka kukusanya mashairi, na ni jambo jema. Tuwapeleke pia Mbooni na Kangundo. Neno moja lililotoka huko limekwisha kuvuka mipaka bila msaada wetu, tena likiwa na kosa la sarufi begani. Yaliyobaki yasipoandikwa sasa yatazikwa pamoja na wenyewe, chini ya udongo uleule walioushikilia usiende.